Sifuri peke yake haitoshi: masahihisho kwa somo lenu la lugha ya C

Mhariri,

Somo la lugha ya C lililotoka katika ukurasa wenu wa teknolojia limewaambia wanafunzi kwamba kusoma stringi (mfuatano wa herufi) kutoka faili la binari (la baiti ghafi) hakuna ugumu: chukua baiti moja moja, ukikuta sifuri, simama. Tunaomba nafasi tulisahihishe. Kanuni hiyo inafanya kazi ndani ya kumbukumbu ya programu ya C yenyewe. Data zikishaingia kwenye faili, sifuri inakuwa jambo la makubaliano kati ya aliyeandika na anayesoma, na kila muundo wa faili una makubaliano yake. Asiyeyajua atasoma pungufu au atapitiliza, na mara nyingi programu haitamwambia kitu.

Tukitazame kitu chenyewe kwanza. Neno ng'ombe likiandikwa kwenye faili kwa namna ya C linakuwa hivi, kwa namba za heksa (za msingi wa 16):

6E 67 27 6F 6D 62 65 00

Alama ni 7, baiti ni 8, kwa sababu ya ile 00 ya mwisho. Hiyo ni baiti yenye thamani ya sifuri. Tarakimu 0 ya kwenye kibodi ni kitu kingine, baiti yake ni 30, na wapo wanaoichanganya wakaandika faili zima lisilo na mwisho hata mmoja. Kosa jingine la mapema ni kutenga nafasi kwenye kumbukumbu kwa malloc(strlen(neno)) bila kuongeza 1. Fanksheni ya strlen, inayopima urefu wa stringi, haihesabu sifuri ya mwisho, hivyo baiti ya nane inaangukia kwenye nafasi ya mwenzake. Programu inaweza kwenda salama miezi kadhaa, kisha ikaanguka mahali pasipohusiana kabisa na mstari wenye kosa.

Sasa neno hilohilo liandikwe kwenye simu au kwenye programu ya ofisi. Ritifaa iliyonyooka hubadilishwa kimyakimya ikawa iliyopinda, na kwa usimbaji wa UTF-8 (utaratibu wa kugeuza herufi kuwa baiti) ritifaa iliyopinda ni baiti 3:

6E 67 E2 80 99 6F 6D 62 65 00

Kwa macho neno ni lilelile, lakini sasa ni baiti 10. Vivyo hivyo Kiswahili kikiandikwa kwa hati ya Kiarabu, kila herufi inachukua baiti 2. Ndiyo maana nafasi kwenye faili hupimwa kwa baiti, na somo linalosema "tenga herufi 8" linawapotosha watoto wa watu.

Tuje kwenye mafaili yenyewe. Muundo wa tar, unaotumika kufungasha mafaili kwenye Unix na Linux, huweka kichwa cha baiti 512 mbele ya kila faili. Baiti 100 za mwanzo ni za jina. Zinazofuata, 8, ni za ruhusa, na kwa kawaida huandikwa 0000644 kisha baiti ya sifuri. Jina likiwa fupi, nafasi inayobaki hujazwa baiti za sifuri. Jina likiwa na baiti 100 kamili, sifuri haipo, na faili si bovu. Muundo wenyewe umeruhusu. Programu iliyofuata somo lenu itapita mpaka wa jina, itaingia kwenye ruhusa, na itasimama kwenye sifuri ya huko. Jina lililoishia ripoti.pdf litatoka ripoti.pdf0000644. Ukiona namba kama hiyo imeng'ang'ania mwisho wa jina la faili, usihangaike kutafuta virusi.

Dawa yake ni mistari mitatu (memcpy hunakili idadi ya baiti unayoitaja):

char jina[101];
memcpy(jina, kichwa, 100);
jina[100] = 0;

Nafasi ni 101 kwa sababu sifuri tunaiweka sisi, hatuitegemei ya faili. Kama jina ni fupi, sifuri ya faili itakutwa kwanza na hii ya kwetu haitadhuru. Utaratibu ni huo kwa kila sehemu yenye ukubwa maalumu: mpaka kwanza, sifuri baadaye.

Ndani ya kichwa hichohicho cha tar kuna mitego mingine. Jina la mmiliki lina baiti 32, na hapo sifuri ni lazima, tofauti na jina la faili. Namba ya uhakiki ni tarakimu 6, kisha sifuri, kisha nafasi tupu. Alama ya muundo, iliyoanzia baiti ya 257 (tukihesabu kuanzia 0), kwa POSIX, kiwango cha pamoja cha Unix, ni ustar na sifuri, kisha 00 kwa tarakimu. Kwa tar ya zamani ya GNU ni ustar, nafasi tupu mbili, ndipo sifuri. Anayelinganisha kwa strcmp, inayotazama stringi nzima hadi sifuri, atayakataa mafaili halali ya GNU. Linganisha baiti 5 za mwanzo kwa memcmp, inayotazama idadi ya baiti unayoitaja.

Somo lenu linapendekeza strncpy, fanksheni ya kunakili stringi, kama "strcpy iliyo salama". Hapana. Fanksheni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye ukubwa maalumu, kama orodha za saraka za Unix ya kale, ambako kila ingizo lilikuwa baiti 16: 2 za namba ya faili na 14 za jina. Jina fupi lilijazwa sifuri hadi mwisho, jina la herufi 14 halikuwekewa sifuri. Hivyo ndivyo strncpy inavyofanya hadi leo. Kwa kuandikia kichwa cha tar inafaa. Kwa kuandaa stringi itakayopelekwa kwenye printf au strlen ni hatari, maana chanzo kikiijaza nafasi yote, sifuri haiwekwi na hakuna onyo. Kwa kazi hiyo tumieni snprintf, mkiangalia namba inayorudisha: ikifikia au kuzidi ukubwa wa nafasi, maneno yamekatwa.

Kwenye kuandika ndiko tunakoona uzembe zaidi kuliko kwenye kusoma. Chukueni bafa (nafasi ya muda kwenye kumbukumbu) ya jina yenye baiti 30. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya Mohamed. Rekodi ya pili ni ya Ali, na mwandishi ameinakili kwa strcpy kwenye bafa ileile, kisha akaandika baiti zote 30 kwa fwrite. Mwanzo wa kilichoingia kwenye faili ni huu:

41 6C 69 00 6D 65 64 00

Yaani Ali, sifuri, halafu med, mabaki ya Mohamed. Anayesoma hadi sifuri ataona Ali na kuridhika. Lakini faili limebeba vipande vya rekodi nyingine, na kama bafa haikusafishwa tangu mwanzo, baiti zinazofuata zinaweza kuwa chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu, hata nywila. Tena, rekodi zilezile zikiandikwa mara mbili zinaweza kutoa mafaili mawili yasiyolingana kwa sha256sum (programu ya kutoa alama ya utambulisho ya faili), na anayelinganisha nakala za akiba atadhani data zimeguswa.

Ubaya wa mabaki huja siku ya kuhamisha data. PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, haikubali baiti ya sifuri ndani ya maandishi. Inatoa kosa la usimbaji UTF8, 0x00. Fundi aliyebanwa na muda anafuta sifuri zote kwenye faili, anajaribu tena, na inapita. Ali amekwisha kuwa Alimed. Kilichotakiwa ni kukata kwenye sifuri ya kwanza na kutupa kinachofuata, kwa kila sehemu peke yake, kabla ya kuunganisha chochote.

Kwa hiyo utaratibu wa kuandika sehemu yenye ukubwa maalumu ni: safisha sehemu yote kwa memset (ijae sifuri), pima urefu wa jina kwa baiti, kataa jina lililozidi, ndipo unakili kwa memcpy. Tunasema kataa kwa makusudi. Kukata jina la mtu bila kumwambia mtu ni kosa kubwa kuliko kutoa ujumbe wa hitilafu. Pale ambapo kukata hakuepukiki, usikate katikati ya herufi ya UTF-8: rudi nyuma kama baiti ya kwanza inayotupwa iko kati ya 80 na BF, maana hiyo ni kiungo cha katikati, hadi ufike mwanzo wa herufi. Ng'ombe yenye ritifaa iliyopinda ikikatwa kwenye baiti ya nne inabaki 6E 67 E2 80, na programu nyingi zitaonyesha alama ya kuuliza au zitakataa faili lote.

Wanaotumia mafaili ya ramani ya aina ya shapefile wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Majedwali yake ni ya muundo wa DBF, ambako jina la safu limepewa baiti 11, mojawapo ikiwa ya sifuri. Safu idadi_ya_watu na safu idadi_ya_wanafunzi zote zikikatwa kwenye herufi 10 zinakuwa idadi_ya_w. Na angalieni: majina ya safu hujazwa sifuri, lakini yaliyomo ndani ya safu hujazwa nafasi tupu. Faili moja, desturi mbili.

PNG, muundo wa picha, inachanganya zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo mfano bora wa kufundishia. Kipande chake cha maandishi, tEXt, kina baiti 4 za urefu, baiti 4 za aina, data, kisha baiti 4 za CRC (namba ya uhakiki). Ndani ya data kuna neno kuu, baiti ya sifuri, halafu maandishi. Neno kuu linaishia kwa sifuri, na lazima liwe baiti 1 hadi 79. Maandishi hayana sifuri. Mwisho wake unajulikana kwa urefu wa kipande. Picha yenye neno kuu Title na maandishi Ngalawa ina data za baiti 5, 1 na 7, jumla 13, na urefu wake unaandikwa 00 00 00 0D. Anayeongeza sifuri mwishoni "kwa usalama" ameandika faili linalokiuka kanuni. Na anayesoma maandishi hayo hadi sifuri ataingia kwenye CRC, atameza hadi baiti zake zote 4, na atasimama kwenye urefu wa kipande kinachofuata, ambao karibu kila mara huanza na 00. Picha ikionyesha kichwa Ngalawa kikifuatiwa na vijialama visivyosomeka visivyozidi vinne, mmeshajua pa kutazama.

ZIP imeachana na sifuri kabisa: tukihesabu kuanzia 0, urefu wa jina uko kwenye baiti ya 26 na ya 27 ya kichwa cha faili, jina linaanzia baiti ya 30, na hakuna alama ya mwisho. Utaratibu wa kutanguliza urefu si mpya. Lugha ya BCPL iliuweka urefu kwenye baiti ya kwanza ya stringi. Lugha ya B, mzazi wa C, ikaacha na kuweka alama ya mwisho, kwa sehemu kwa sababu nafasi ya biti 8 au 9 ilibana urefu wa stringi. Dennis Ritchie, aliyebuni C, ndiye aliyeeleza hivyo, na kwa mashine za wakati ule hatuwezi kumlaumu mtu. Lakini leo, mnaobuni muundo wenu wenyewe, tangulizeni urefu wa baiti 2 au 4, mkitaja na mpangilio wa baiti zake. Hapo tu, msomaji asiuamini urefu huo kabla ya kuulinganisha na baiti zilizobaki kwenye faili, la sivyo faili dogo bovu litamwamuru atenge gigabaiti 4.

UTF-16, usimbaji mwingine wa herufi, inahitaji tahadhari ya peke yake. Ng'ombe kwa UTF-16 yenye baiti ndogo mbele inaanza 6E 00 67 00 27 00, hivyo anayesoma hadi sifuri ya kwanza anapata herufi n peke yake. Mwisho wa stringi hapo ni baiti 2 za sifuri, na ni lazima zitafutwe kwa hatua ya mbili mbili. Herufi e ya mwisho ni 65 00, ikifuatiwa na 00 00. Ukitafuta sifuri mbili zilizofuatana kwa hatua ya moja, utazikuta kwenye nafasi ya 13 badala ya 14 (tukihesabu kuanzia 0), na stringi yako itakuwa na baiti 13, namba ambayo haigawanyiki kwa mbili.

Kwa wanaoandika Python: struct.pack('30s', ...) hujaza sifuri penye upungufu na hukata penye ziada bila kusema neno. Pimeni urefu wenyewe kabla ya kuiita. Kwenye kusoma, wengi huondoa sifuri kwa rstrip(b'\0'). Hiyo huondoa sifuri za mkiani tu, na mkia si mara zote ni sifuri. Mfano ni lebo ya ID3v1 ya mafaili ya MP3, baiti 128 za mwisho wa faili: TAG, kisha jina la wimbo baiti 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30, na aina ya muziki 1. Toleo la 1.1 liliiba baiti 2 za mwisho za maoni: ya kwanza kati ya hizo ni sifuri, ya pili ni namba ya wimbo. Kwa wimbo wa tano wenye maoni mafupi, rstrip inakuachia maoni yenye mkia wa sifuri na 05. Tumieni split(b'\0', 1)[0]. Na kwa kuwa programu nyingine zilijaza nafasi tupu badala ya sifuri, ondoeni na nafasi tupu za mwisho baada ya kukata, msitangulize.

Kuna na hatari ya sifuri iliyo katikati, ambayo haitokani na uzembe bali na mtu mwenye nia. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat, watafiti Moxie Marlinspike na Dan Kaminsky walionyesha vyeti vya tovuti (hati za kuthibitisha tovuti ni ya nani) vyenye baiti ya sifuri ndani ya jina. Kwenye cheti jina hutanguliwa na urefu, hivyo mtoaji wa cheti aliliona lote, pamoja na mkia wa tovuti ya mwombaji mwenyewe, akakubali. Kivinjari kilichoandikwa kwa C kililisoma hadi sifuri, kikaona jina la tovuti ya mtu mwingine, nacho kikakubali. Programu mbili, jina moja, majibu mawili. Udhaifu wa jamaa hiyo ulikuwa kwenye PHP, lugha ya kutengeneza tovuti, pia: faili lililotajwa kwa mwisho wa .jpg likiwa na sifuri kabla yake lilifunguliwa kwa jina lililoishia kwenye sifuri, hadi toleo la 5.3.4 lilipoanza kukataa njia zenye sifuri. Kabla ya kupeleka stringi yenye urefu kwenye fanksheni ya C, itafuteni sifuri ndani yake kwa memchr, na ikipatikana, kataeni ombi lote.

Kuhusu kujaribu, msitosheke na majina ya kawaida. Kwa sehemu ya baiti 30 jaribuni jina tupu, jina la baiti 29, la 30 kamili na la 31. Jina lenye ritifaa iliyopinda inayoangukia baiti ya 29 hadi 31. Jina lenye sifuri katikati. Na faili lililokatwa kabla ya sifuri kufika. Kisha tazameni kwa xxd au hexdump -C kilichoandikwa, baiti kwa baiti. Kwenye Windows fungueni faili kwa "rb" na "wb", la sivyo kila 0A mnayoandika itageuka 0D 0A na sehemu zote zinazofuata zitasogea.

Tunaomba basi mstari huu wa somo lenu uondolewe:

while ((herufi = fgetc(f)) != 0) neno[n++] = herufi;

Hauna mpaka, na faili likiisha kabla ya sifuri, fgetc, inayosoma baiti moja moja, itaendelea kurudisha EOF (ishara ya mwisho wa faili), ambayo si sifuri, na mzunguko utaendelea kuandika nje ya bafa hadi programu ivunjike. Isitoshe, herufi imetangazwa kuwa char, aina ya namba ya baiti moja. Hata mwanafunzi akiongeza ukaguzi wa EOF, kwenye mashine ambako char haina alama ya hasi, kama Linux ya ARM, ukaguzi huo hautafanikiwa kamwe. Na ambako inayo, baiti halali ya FF itachukuliwa kuwa mwisho wa faili. Mahali pake pawekwe hii, neno likiwa bafa ya baiti 80 kama kwa neno kuu la PNG:

int c;
size_t n = 0;
while ((c = fgetc(f)) != EOF && c != 0) {
    if (n == 79) return -1;
    neno[n++] = (char)c;
}
if (c == EOF) return -1;
neno[n] = 0;

Ile -1 ya ndani ya mzunguko ni ya neno lililozidi mpaka, ya nje ni ya faili lililokatwa. Anayetaka kuzitofautisha kwenye ujumbe wa hitilafu azipe namba mbili tofauti.

Wasomaji wenu,
Wakufunzi wa programu,
Morogoro